Mikono Yangu Ina Kazi

Binamu yangu aliyeolewa Toronto alinitumia picha ya blanketi. Si la kununua. Amelifuma mwenyewe, tena bila sindano wala kulabu. Mikono yake ndiyo iliyokuwa sindano, na uzi mnene kama mkia wa paka aliyeudhika. "Saa mbili tu, bui," akaandika. "Hata wewe utaweza."

Hilo "hata wewe" ndilo lililoniponza.

Ningetulia kidogo ningejiuliza: Mombasa blanketi la nini? Toronto baridi ya Januari hushuka chini ya sifuri ikaweka kambi. Kwetu kipupwe kikituzidia usiku wa Julai ni digrii 20 hivi, na mama huongeza leso ya pili huku akisema mwaka huu hatuponi. Lakini nilishajibu kwamba naweza.

Nikaenda Biashara Street. Mtu wa Mombasa akitaka chochote kilichotokana na uzi hana haja ya kwenda kwengine: leso kwa doti, vikoi, mitandio, mashuka, vyandarua. Akina Kaderdina Hajee Essak, wale ambao leso zao huandikwa "Mali ya Abdulla", wamo katika biashara mjini humu tangu 1887. Nikasema, mtaa uliovisha pwani nzima utakosa uzi mmoja mnene?

Ukakosa. Duka la kwanza nilionyeshwa uzi wa sweta za wanafunzi. La pili nikainua kidole gumba, nikaambiwa choo kiko nyuma. La tatu, mzee mwenye duka alivua miwani, akanitazama, akasema kwa upole: "Mwanangu, huo si uzi. Hiyo ni amari. Teremka Bandari ya Kale ukaulize kwenye majahazi."

Aliyeniokoa ni fundi anayenipindia leso zangu, mwenye cherehani yake barazani. Alikuwa na gunia la tishati kuukuu. Kumbe tishati ukiikata utepe ukauvuta, kingo hujikunja zenyewe, ukapata kamba laini. Tepe tatu kwa pamoja zikatoa unene. Rangi ndiyo iliyokuwa mtihani: zambarau, kijani, na vipande vya mgombea mmoja wa uchaguzi uliopita, jicho huku, tabasamu kule.

Nikaketi pale pale. Unaanza na vitanzi kumi kwenye mkono wa kulia. Kisha kila kitanzi unakivua kupitia kiganjani, na kipya kinachozaliwa unakivisha mkono wa kushoto. Mstari ukiisha, vinarudi kulia. Ni rahisi, naapa. Ila sindano ukichoka unaiweka chini. Mkono utauweka wapi?

Nilikuwa mstari wa nne Mombasa ilipoanza kunisalimia. Jirani yetu wa Kibokoni, mtu mzima, akanyoosha mkono. Nikampa kiwiko. Akakitazama kama samaki wa jana, akauliza kama naumwa. Mjukuu wake, mtoto mwenye adabu, alitaka kunibusu mkono kama alivyofunzwa; asiuone, akambusu mgombea kwenye jicho.

Simu ikalia mkobani. Fundi akanishikia sikioni.

"Uko wapi?"

"Biashara Street, mama."

"Wafanyani?"

"Nafuma blanketi."

"Kwa nini?"

"Kwa mikono."

Kimya. Kisha: "Mikono ya nani?"

Muuza kahawa akapita na dele lake, akigonganisha vikombe. Fundi, Mungu amlipe, akaninunulia kimoja na kuninywesha, kashata nayo akanitia mdomoni. Nikawa kama bibi arusi mwenye hina mbichi. Wanawake wawili waliokuwa wakichagua leso wakasimama kuuliza harusi ni lini.

Hapo ndipo niliposikia "Hodi! Hodi!" Ni hamali na mkokoteni wa marobota. Watu wakapisha. Mimi nikavuta miguu ndani, nisijue kwamba donge la tepe lilikuwa limeviringika hadi barabarani. Gurudumu likaliokota bila kuomba ruhusa.

Vitanzi vikakaza. Nikainuka. Nikatembea. Hamali hakujua kwamba ana abiria. Ama niendelee mpaka Digo Road nikiwa nyuma ya mkokoteni kama mbuzi wa Idi, ama nitoe mikono. Nikatoa mikono.

Sijaona kazi ikifumuka kwa utaratibu kama ule. Kitanzi kimoja kimoja, mstari mmoja mmoja, bila fundo hata moja kukwama. Wenye maduka walitoka nje. Yule mzee wa amari alivaa miwani yake tena.

Hamali aliposimamishwa alirudi akiwa ameikunja tepe yote mkononi, akaniomba radhi, ingawa kosa halikuwa lake. Kisha akakiona kipande kilichosalia, mistari miwili mitatu, upana wa mto mdogo. Akakiminya. Akakijaribu begani.

"Mama, hichi wakiuza?"

Nikampa.

Usiku mama aliongeza leso ya pili. Binamu naye akaandika kuuliza blanketi limefika wapi. Nikamjibu kweli tupu: mara ya mwisho kuonekana lilikuwa likielekea Marikiti, chini ya gunia la viazi.