Kidole Kilichogatuliwa: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Afya House, Nairobi.

Kutoka kwa mwalimu mstaafu, Mitaboni, Kaunti ya Machakos.

KUH: KIDOLE GUMBA CHA MGUU WA KULIA

Mheshimiwa Waziri,

Naomba nijulishwe kwa maandishi kidole gumba cha mguu wangu wa kulia kiko chini ya serikali gani. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 lilizipa kaunti hospitali na zahanati, nawe likakuachia sera pamoja na hospitali za rufaa za kitaifa. Nimelisoma lote, kidole chenyewe kikiwa juu ya mto, na sikukiona kimetajwa. Nilichojionea kwa kuishi nacho ni kwamba kikiwaka ni cha kaunti, na kaunti hukidunga sindano. Kikipoa kinarudi kuwa cha sera, na sera haijawahi kukitia machoni.

Usidhani nalalamika. Kwanza nashukuru kwa cheo. Nilipoambiwa nina jongo, gauti kama tunavyosema huku, habari zilifika sokoni kabla yangu. "Ugonjwa wa matajiri huo," wakasema, na pensheni yangu ya ualimu ikanenepa papo hapo katika vichwa vya watu. Shemeji akaja kukopa. Mimi nikabaki nahofia wenzetu wa ushuru wasije wakasikia. Na kwa kuwa sifa za Ukambani katika fani fulani mnazijua hata huko Nairobi, wapo wa ukoo waliotaka kwanza nieleze nilikanyaga nini, na nani alikitega.

Kwa ambaye hajawahi kuugua: ni saa nane za usiku, kidole kimevimba, ngozi imevutika hadi inang'aa, na uzito wa shuka peke yake unamtoa mtu mzima machozi. Mjukuu akipita mbio chumbani, upepo wake unausikia mfupani.

Asubuhi unapakiwa kwenye bodaboda, mguu umeunyoosha pembeni na watu wanakupisha njia. Nje ya lango la kituo unanunua daftari la kurasa 32, maana idara ya kumbukumbu ni wewe. Anayekuhudumia hajawahi kukuona. Anaandika tarehe, anaandika "maumivu ya mguu", anakuandikia sindano ya diklofenaki na vidonge vya siku chache, kisha anakusomea miiko: acha nyama, acha maharagwe, acha pombe. Wiki haijaisha, unatembea. Miezi ikipita kidole kinawaka tena, daftari limeshapotea, unanunua jingine, na ugonjwa unaanza ukurasa wa kwanza. Mheshimiwa, nimetibiwa gauti kwa mara ya kwanza mara nyingi kuliko mtu yeyote katika kata yetu.

Daftari moja lilinusurika. Nyuma lina jedwali la kuzidisha, ndani lina miandiko ya watu mbalimbali wasiojuana. Mmoja aliandika baridi yabisi. Mwingine aliandika kuwa nimeteguka. Wa tatu aliweka alama ya kuuliza, akanituma nikapigwe picha, na picha ikatoka safi. Wa nne alipima asidi ya yuriki, ile inayoleta gauti ikizidi, siku maumivu yamepamba moto, akaikuta ya kawaida, akanipongeza kwamba basi si gauti. Ilhali inajulikana tangu zamani kuwa shambulio linapokuwa kali kiwango cha asidi hiyo kinaweza kushuka hadi kikaonekana hakina neno, ndiyo maana kipimo hurudiwa wiki kadhaa baadaye, mambo yakitulia. Tatizo, kama nilivyotangulia kusema, mambo yakitulia kidole huwa kimesharudi kwako.

Njia ya kuondoa shaka kabisa ni kuchota maji kidogo ya kiungo kwa sindano na kuyatazama kwa hadubini, zionekane fuwele nyembamba zenye ncha. Mwaka 2006 madaktari wa Hispania walichapisha matokeo ya kukichunguza kipande cha kidole cha Kaizari Charles wa Tano, aliyefariki mwaka 1558, na fuwele hizo wakazikuta. Yaani marehemu wa karne ya 16 amefanyiwa uchunguzi ambao mimi, mlipa bima, sijafanyiwa. Kama kuna fomu ya kujaza ili niorodheshwe pamoja na marehemu, naomba nitumiwe.

Sasa hiyo miiko. Ukimkataza Mkamba maharagwe, ukamkataza na nzuu, yaani mbaazi, muthokoi unabaki mahindi yaliyokobolewa na majonzi. Na amenyimwa bure. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004, uliowafuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12, ulikuta kwamba nyama na vyakula vya baharini vinaongeza hatari ya gauti, lakini maharagwe, njegere na mboga zenye purini nyingi, malighafi ya asidi ya yuriki, hazikuiongeza. Maziwa yaliipunguza. Bia imeshtakiwa kwa haki, siitetei. Ila soda hakuna aliyewahi kunikataza, na sukari yake huipandisha asidi ile ile, nami nimewaona wenzangu wakitupa chupa ya bia, wakakumbatia ya soda na kujipiga kifua. Tena theluthi mbili hivi ya asidi ya yuriki hutengenezwa na mwili wenyewe, na kwa wagonjwa wengi kasoro ni figo zisizoitoa ya kutosha, jambo ambalo mara nyingi hurithiwa. Mbuzi amekuwa akibebeshwa kesi ya babu yangu.

Halafu kuna Jumanne. Jumanne ni kliniki ya presha, na hapo dirishani nilikuwa nikipewa haidroklorothiazaidi. Ni dawa njema, ya bei nafuu, imeokoa wengi, na inajulikana ulimwengu mzima kuwa hupandisha asidi ya yuriki. Kidole kikiwaka siku ya Ijumaa, dirisha la pili katika jengo hilo hilo huniuliza nilikula nini Krismasi. Zipo dawa za presha zisizo na tabia hiyo. Losartani hata huzisaidia figo kuitoa asidi. Simwambii mgonjwa yeyote atupe kidonge chake kwa sababu mwalimu mstaafu ameandika barua. Presha haina mzaha, na dawa hubadilishwa na anayeitibu. Naomba tu madirisha hayo mawili yaanze kusalimiana. Yakishazoeana, yaulizane pia kuhusu hizo diklofenaki za kila mara, maana kwa mzee wa presha mwenye figo za kubembeleza, sindano hiyo si peremende.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba ugonjwa huu hauna siri tena. Dawa ya kushusha asidi, alopurinoli, iliruhusiwa Marekani mwaka 1966. Gertrude Elion na George Hitchings, ambao kazi yao ndiyo iliyoizaa, walikuwa miongoni mwa waliopewa Nobel ya tiba mwaka 1988. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, wala si ghali. Huanza kwa kipimo kidogo, miligramu 100 kwa siku au chini ya hapo kwa mwenye figo dhaifu, kisha huongezwa pole pole huku damu ikipimwa, hadi asidi ishuke chini ya miligramu 6 kwa desilita, au chini ya mikromoli 360 kwa lita kwa maabara zinazotumia kipimo hicho. Ikishuka, dawa huendelea miaka na miaka. Katika miezi ya mwanzo mgonjwa hupewa na kolchisini kidogo, kwa kuwa fuwele zinapoyeyuka huweza kuzua mashambulio. Akitokwa na vipele mwilini, anaacha alopurinoli mara moja na kukimbilia hospitali. Basi.

Mimi niliandikiwa ya wiki mbili, bila kolchisini wala kurudi kupima. Kidole kikawaka kabla hazijaisha, nikaambiwa dawa "imenikataa", nami nikaingizwa katika kundi la wasiosikia dawa. Kundi hilo ni kubwa, Mheshimiwa. Tungeweza kuunda chama cha ushirika.

Nilipoulizia daktari anayefaa, nilielekezwa Nairobi. Mabingwa wa rumatolojia nchini ni wa kuhesabika na wengi wako huko. Waingereza walihamisha makao yao ya utawala kutoka Machakos kwenda Nairobi mwaka 1899, na naona mabingwa waliufuata msafara ule na hawajapata gari la kurudi. Siwalaumu. Wana wagonjwa wa lupasi na wa baridi yabisi wanaowahitaji kuliko mimi. Kaunti yetu ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.4 katika sensa ya 2019. Wenye vidole vya aina yangu wakiabiri matatu siku moja kwenda kumwona bingwa, barabara ya Mombasa itafungana kuanzia makutano ya Kyumvi.

Ila bingwa si lazima, na hapa kejeli naiweka kando kidogo. Huko Nottingham, Uingereza, wauguzi waliofunzwa waliachiwa wagonjwa wa gauti kwa miaka miwili, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2018. Kati ya waliohudumiwa na wauguzi, asilimia 95 walifikisha asidi kiwango kinachotakiwa. Kati ya waliobaki kwa madaktari wao wa kawaida, ni asilimia 30. Wauguzi hao hawakuwa na mashine ya ajabu. Walimweleza mgonjwa ugonjwa wake, wakampima damu, wakaongeza dawa, wakampima tena, na mtu wao wakamjua kwa jina. Wauguzi tunao. Matabibu wa kliniki tunao, hata huku Mitaboni. Bingwa atabaki kuwa wa wale ambao dawa imewashinda kweli.

Nimejiandikisha SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyoanza kazi Oktoba 2024. Mfumo ulinihoji kuhusu paa, choo na mifugo ili ukadirie uwezo wangu. Haukuuliza kama naweza kuvaa kiatu. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 nayo ilikuja na ahadi ya kumbukumbu za afya zinazomfuata mgonjwa popote aendapo. Kwa sasa ninayezifuata ni mimi, kwenye kabati, chini ya nguo za kanisani.

Ninachoomba hakihitaji kamati, warsha Mombasa wala fulana za uzinduzi. Ni ukurasa mmoja ubandikwe katika chumba cha tabibu wa kila kituo cha afya: mwenye mashambulio yanayorudi apimwe akiwa mzima, apewe tarehe ya kurudi, dawa yake iongezwe hadi asidi ishuke, dawa zake za presha zitazamwe, na asifukuzwe kwenye maharagwe. Alopurinoli iwepo rafuni mwezi huu, na mwezi ujao iwepo tena. Huo mwezi ujao ndio hutushinda.

Naomba nijibiwe kabla ya Desemba, watoto wanaporudi nyumbani kutoka Nairobi na mbuzi anapochinjwa. Mwaka huu ningependa kipande cha pili nikikatae kwa hiari yangu.

Wako mtiifu, kwa mguu mmoja,
Mwalimu mstaafu, Mitaboni.

Nakala: Serikali ya Kaunti, ambayo itasema hiyo ni kazi ya Wizara.