Andazi Moja Sasa, Mawili Baadaye

Ujumbe wa sauti wa binti huingia kwenye simu ya baba yake alfajiri, wakati Ohio bado ni usiku wa jana na Tunduma madereva wameshaanza kupasha injini kwenye foleni ya kuingia Zambia. Mzee ni wakala wa forodha. Huiweka simu juu ya lundo la makaratasi, huongeza sauti, na kibanda kizima kinatulia: baba mdogo anayebadilisha kwacha, dereva mmoja au wawili wanaosubiri nyaraka zao, na mama wa maandazi ambaye hukaa hata ndoo ikiwa imeshakwisha. Binti ndiye wa kwanza katika ukoo kusoma ng'ambo, kwa hiyo habari zake ni mali ya umma.

Tabu ilianzia kwenye kueleza anasoma nini. "Niko chuo cha sanaa huria," alisema. Baba mdogo akauliza kama ni uchoraji au ni ngoma. Swali halikuwa la kijinga, maana mwaka wa kwanza binti alisoma miamba, falsafa ya Wagiriki, utangulizi wa saikolojia na, ni kweli, ngoma. Vyuo vya aina hiyo havimpangii mtu fani mlangoni, kama sisi tunavyobanwa na tahasusi tangu kidato cha tano. Mwanafunzi anaonja huku na huku, na kwa kawaida anatangaza fani yake kuelekea mwisho wa mwaka wa pili. Mzee aliona ni kupoteza miaka miwili, mpaka alipokumbushwa kwamba Mwalimu Nyerere alikwenda Edinburgh mwaka 1949 akamaliza 1952 na shahada ya mchanganyiko: uchumi, historia, falsafa na mengineyo. Mwalimu akitajwa, Mzee habishani.

Kisha binti akatangaza: saikolojia. Mtaa ukatafsiri kabla jua halijazama, kwamba anasomea Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma ambayo Watanzania huitania kuliko inavyostahili. Wengine wakaanza kumtumia ndoto. Baba mdogo aliota lori linashuka mlima halina dereva, akataka tafsiri kabla hajafungua biashara. Jibu lilimvunja moyo: kitabu cha Freud kuhusu ndoto, kilichotoka na tarehe ya 1900, wao wanakigusa kama historia tu, halafu wanarudi kwenye takwimu. Takwimu! Huyu ni mtoto aliyekimbilia tahasusi ya HKL ili asikutane tena na hisabati maishani. Hisabati imepanda ndege ikamfuata.

Aibu nyingine aliisimulia kwa kunong'ona. Mlangoni kwa profesa palibandikwa saa za ofisi, naye muhula mzima akazikwepa saa hizo kwa adabu, akidhani ndizo saa ambazo mkubwa ana kazi na hataki kusumbuliwa. Kumbe ndizo saa ambazo profesa anakaa akimsubiri mwanafunzi agonge.

Kilichokichangamsha zaidi kibanda ni kwamba binti mwenyewe amefanyiwa majaribio. Katika vyuo vingi vya Marekani, wanaoanza saikolojia hupata alama kwa kushiriki tafiti: unakaa mbele ya kompyuta, unabonyeza kitufe kila uonapo duara. Kabla ya yote unasaini fomu ya ridhaa. Hapo Mzee alitikisa kichwa kwa heshima. Binti akaeleza kwamba masharti hayo yalikazwa baada ya majaribio kama ya Stanley Milgram wa Yale. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1963, watu 26 kati ya 40 walibonyeza swichi hadi volti 450, wakiamini wanampiga mtu shoti ya umeme, kwa sababu tu bwana mmoja mwenye koti la kijivu la maabara aliwaambia waendelee. Umeme wenyewe haukuwapo. Baba mdogo hakushangaa. "Hapa mpakani huhitaji koti," alisema. "Vaa kizibao cha kung'aa usimame barabarani, watu watakufungulia mabegi bila kuulizwa."

Lakini andazi ndilo lililoleta ubishi. Binti alisimulia jaribio la Walter Mischel, aliyeanza miaka ya 1960 kule Stanford kuwaacha watoto wadogo na kitu kitamu mezani: ukila sasa ni kimoja, ukisubiri nirudi ni viwili. Kibandani kitu hicho kikawa andazi. "Mtoto wa hapa haulizwi anapenda nini," mama wa maandazi akakata kauli. "Anaambiwa asiguse."

Amini usiamini, mama huyo alikuwa ameigusa hoja ya watafiti. Timu ya Bettina Lamm ililipeleka jaribio hilo kwa watoto wa miaka minne wa Wanso, Cameroon, na kitamu chao kilikuwa pafu-pafu, binamu wa andazi. Karibu saba katika kila kumi walisubiri. Wa Ujerumani hawakufika watatu. Watafiti walilitazama hasa suala la malezi: kwa Wanso mtoto hufundishwa mapema kutulia na kutii.

Ujumbe wa mwisho ulikuwa mrefu, na una hasira kidogo. Amesoma kwamba uchambuzi wa majarida makubwa ya saikolojia, uliochapishwa 2008, ulikuta asilimia 96 ya waliochunguzwa wanatoka nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Wengi ni wanafunzi kama yeye, wanaobonyeza vitufe wapate alama. Vitabu vikisema "binadamu", mara nyingi maana yake ni kijana wa mwaka wa kwanza wa Marekani. Kwa hiyo utafiti wake wa mwaka wa nne anataka kuja kuufanyia Tunduma, kwa maandazi, kamati ya maadili ya chuo na mamlaka za nyumbani zikimruhusu.

Mama wa maandazi ameshataja bei ya ndoo. Mzee ameomba orodha ya nyaraka zote zinazotakiwa, nakala tatu tatu.