Sumaku, Dumu la Maji na Shemeji: Namna ya Kuchagua Injini ya Kubadilishia

Injini imekufa. Fundi ameinua boneti, ameshika kiuno, kisha amekwambia hedi gasketi imekwenda, silinda ya tatu imechanika, na gharama ya kuipasua inazidi bei ya injini ya mtumba kutoka Japani. Sasa kuna injini mbili mbele yako, moja bloku yake ni ya chuma na nyingine ya alumini. Uchukue ipi?

Kabla ya yote, mwondoe shemeji. Kila ukoo una shemeji wa magari. Gari hana, msimamo anao. Atakwambia alumini ni sufuria, ukaipikie wali. Kesho yake atakuja binamu aapie kwamba chuma ni mambo ya kale na gari litainamisha pua kama nguruwe anayechimba mihogo. Wanunulie soda, wakae mbali na fundi. Toyota ilipotoa Lexus LS 400 mwaka 1989 ilifungwa 1UZ-FE, V8 ya lita 4.0 yenye bloku ya alumini, na mafundi wanaiheshimu kwa ugumu wake hadi leo. Upande wa pili ipo 2JZ-GTE ya Supra, silinda sita kwa mstari, bloku ya chuma, na vijana wa mbio wanaishindilia turbo kubwa kwa sababu kuta zake zinahimili. Bloku ya chuma ni nzito kweli, kwa kuwa kipande cha chuma ni kizito kupita mara mbili na nusu ya kipande cha alumini cha ukubwa uleule. Lakini kwenye Corolla ya kupeleka watoto shule uzito huo usikukoseshe usingizi.

Sasa tafuta sumaku. Ng'oa moja kwenye spika ya redio iliyokufa, itie mfukoni, nenda kwa wauza injini za mtumba wa Gerezani, Dar es Salaam. Utakuta injini zimekalishwa juu ya matairi, midomo imezibwa kwa plastiki, oili imechora ramani kwenye mchanga. Muuzaji atagonga moja kwa spana: "Bosi, hii chuma tupu, sikia mlio." Mlio mwachie yeye. Weka sumaku ubavuni mwa bloku, chini ya hedi. Ikinasa ni chuma, ikiteleza hadi mchangani ni alumini. Usiijaribu kwenye hedi, maana Toyota nyingi za petroli zina hedi ya alumini hata pale bloku ilipo ya chuma. Usiijaribu kwenye sampo pia. Nimemwona kijana akibandika sumaku kwenye sampo, lile bakuli la oili la bati, ikanasa, akatabasamu na kuanza kuhesabu noti. Nilimshika mkono, tukaihamishia juu kidogo. Ikaanguka juu ya kiatu chake.

Tuchukue gari linalojulikana: Corolla 110 yenye 5A-FE, bloku ya chuma, cc 1498. Jirani yake pale mchangani ni 1NZ-FE, bloku ya alumini, cc 1497. Wamepishana cc moja, na hapo ndipo wengi huingia mkenge wakidhani moja itakaa mahali pa nyingine. Maunti ni tofauti, waya ni tofauti, kompyuta ni tofauti. Fedha utakazomlipa fundi wa umeme zitakufanya usahau kabisa habari ya chuma na alumini. Ukiing'ang'ania 1NZ-FE, nunua nosikati nzima, yaani pua ya gari iliyokatwa na injini yake ndani, waya na kompyuta yake vikiwamo, na mwambie muuzaji asikate waya hata mmoja.

Kwenye maji ndipo ninapotaka tukae, kwa sababu injini nyingi za mjini huuawa na maji. Fungua buti la gari lako. Kuna dumu la lita tano? Limejazwa wapi? Visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi, na chumvi ile huila alumini kwa vijishimo, pale maji yanapopita, mahali usipopaona. Chuma nacho hupata kutu, rejeta huziba matope mekundu, ila bloku yake ni nene na hukuvumilia. Joto likizidi, alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Nyuzi za boliti za hedi zimechongwa kwenye bloku yenyewe. Zikiwa za alumini, joto likazidi na boliti zikavutwa, nyuzi hung'oka kama uzi wa nguo iliyochakaa. Waulize waliokuwa na Harrier ya 2.4 yenye 2AZ-FE. Zile za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa ugonjwa huo, na tiba yake ni kuchonga tundu upya na kutia springi ya nyuzi, kazi inayotaka mkono mtulivu.

Halafu ipo thamosteti. Fundi ataitoa na kukuonyesha kiganjani kama daktari aliyetoa jino bovu: "Hii ya nchi za baridi, hapa Dar haina kazi." Irudishe! Bila hiyo injini huchelewa kupata joto lake, kompyuta hudhani bado ni alfajiri, huimiminia petroli, na petroli husafisha oili kwenye kuta za silinda. Rejeta iliyoziba haitibiwi kwa kung'oa thamosteti. Nunua kulanti. Ukilazimika kuchanganya, tumia maji ya kuongezea betri, yale yasiyo na asidi.

Silinda ikija kuchakaa, 5A-FE hupelekwa kwa mchongaji, ikaongezwa nusu milimita, ikavalishwa pistoni kubwa, ikaishi tena. Ndani ya 1NZ-FE kuna slivu za chuma zilizosubiwa pamoja na alumini, nyembamba, na kiwandani hazikukusudiwa kuchongwa.

Basi jipime mwenyewe. Mshale wa joto ukipanda ukiwa kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, abiria nyuma, hesabu ya tajiri jioni, utaegesha na kuzima? Kama utasema "nifike tu Buguruni", chukua chuma. Nasema hivi kwa huruma, maana gari hilo ndilo ada ya watoto na kodi ya chumba. Kama unabadilisha mipira ya maji kabla haijapasuka na kulanti unaijua kwa rangi, chukua alumini bila hofu. Mimi 110 yangu niliirudishia 5A-FE, kwa sababu dereva wangu ni mdogo wangu, nami namjua.

Ukishafunga, usikimbilie kuuza bloku ya zamani kwa wanaopima chuma chakavu kwa kilo. Ikiwa ya alumini ndiyo kabisa, itanunuliwa upesi na kuyeyushwa. Kwanza futa grisi kwa kitambaa chenye petroli, nakili namba ya injini, uilinganishe na ile iliyoandikwa kwenye kadi ya gari, kisha nakili ya injini mpya na risiti yake, upeleke Mamlaka ya Mapato (TRA) kadi ibadilishwe. Namba ya zamani ukiikumbuka baada ya wiki mbili, huenda ni sufuria tayari, na mtu ameshaipikia maharage.