Mkate Ulipata Watetezi

Sheria ya VAT ya mwaka 2013 nchini Kenya ilikiweka kitabu foleni moja na televisheni: asilimia 16. Wachapishaji walilalamika, kodi ikabaki.

Mwaka 2024 ikaja zamu ya mkate. Kelele zikapanda kutoka mtandaoni hadi barabarani, na pendekezo la kuutoza kodi hiyo likaondolewa mswadani kabla ya kura. Kitabu, maskini, hakina tumbo la kukililia.

Kodi si mzigo wake pekee: tangu 2018 serikali yenyewe hununua vitabu vya kiada na kuvipeleka moja kwa moja shuleni, na wenye maduka ya vitabu wakaachiwa madaftari na kalamu. Msomaji wa Nairobi naye huinama kando ya njia, kwenye vitabu vya mitumba, ambako bei hupatikana kwa kubembelezana na risiti haiulizwi.