Komeo na Kikohozi: Adabu za Choo cha Pamoja Kazini

Choo cha pamoja kazini ni kile ambacho mlango wake hauna picha ya suruali wala ya sketi, na ambacho mhasibu, dereva, afisa miradi na mgeni aliyekuja kudai malipo ya ankara yake hukitumia kwa zamu, ingawa zamu hizo hazijawahi kupangwa na mtu yeyote. Kuna aina mbili za choo hicho, na inafaa zitenganishwe mapema, kwa sababu wanaobishana juu yake mara nyingi hubishana kila mmoja akiwa na aina yake kichwani. Aina ya kwanza ni chumba kimoja kamili, chenye kuta zinazofika darini, choo, sinki la kunawia mikono na mlango mmoja. Aina ya pili ni ukumbi wenye vijumba kadhaa vilivyotenganishwa kwa mbao zisizofika sakafuni wala darini, ambamo wanaume na wanawake hunawa mikono mbele ya kioo kimoja huku wakijitahidi kutazama kila kitu isipokuwa kioo hicho. Aina ya pili ndiyo iliyozua mabishano makali Ulaya na Marekani katika miaka ya karibuni. Katika ofisi nyingi za Afrika Mashariki, hata hivyo, inayojulikana zaidi ni ile ya kwanza, nayo haikuletwa na itikadi yoyote bali na ufinyu wa nafasi na ukali wa kodi ya pango.

Asili yake si vigumu kuieleza. Katika mitaa kama Kilimani mjini Nairobi na Mikocheni mjini Dar es Salaam, nyumba nyingi zilizojengwa ili familia iishi zimegeuzwa kuwa ofisi za mashirika na kampuni za ushauri. Chumba kikubwa cha kulala, kile chenye choo chake ndani ambacho madalali hukiita masta, hukabidhiwa mkurugenzi, jambo linalomwondoa kabisa katika kundi la watu wanaohusika na mjadala huu. Vyumba vya watoto huwa idara ya fedha, sebule huwa ukumbi wa mikutano, na choo cha wageni kilicho kando ya sebule, ambacho mchora ramani alikikusudia jamaa wawili watatu wa siku ya Jumapili, huwa choo cha wafanyakazi wote waliobaki. Kwa kuwa ukuta kati ya choo hicho na ukumbi wa mikutano ni wa tofali moja, anayewasilisha taarifa ya robo mwaka hulazimika kukatiza sentensi yake kila maji yanapovutwa, na wajumbe, kwa heshima zao, huinamia makabrasha na kuanza kusoma kurasa ambazo hakuna aliyewahi kuzisoma. Aliyemo ndani naye husikia hoja zote, zikiwemo zinazomhusu, bila ya uwezo wa kuzijibu. Na mwenye busara miongoni mwa watu wa namna hiyo hungoja hadi mkutano ufikie makofi ndipo avute maji.

Sheria za kutenganisha vyoo vya kazini kwa jinsia ni changa kuliko wengi wanavyodhani. Jimbo la Massachusetts nchini Marekani lilipitisha mwaka 1887 sheria iliyowataka wenye viwanda na karakana kuwawekea wanawake vyoo vyao, na kufikia mwaka 1920 majimbo zaidi ya 40 yalikuwa yamekwisha kufanya hivyo, kwa sababu zilizochanganya afya, staha na imani ya zama zile kwamba mwanamke anayefanya kazi nje ya nyumba yake ni kiumbe dhaifu. Nchini Uingereza, Sheria ya Viwanda ya mwaka 1937 iliagiza vyoo vya kutosha vilivyotengwa kwa kila jinsia, isipokuwa katika kiwanda ambacho wafanyakazi wake wote ni watu wa familia moja wanaoishi humo humo. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya, ya mwaka 2007, nayo inadai utengano huo pale wanapoajiriwa watu wa jinsia zote mbili. Ule msamaha wa familia katika sheria ya Waingereza unastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa unatoa mwanga juu ya kauli wanayoipenda sana wakuu wa ofisi, kwamba hapa kazini sisi sote ni familia moja. Kauli hiyo haisikiki katika mazungumzo ya nyongeza ya mishahara. Husikika fundi bomba anapoleta makadirio ya gharama za kujenga choo cha pili.

Baadaye sheria zenyewe zililegeza msimamo, na namna zilivyolegeza ndiyo kiini cha jambo lote. Kanuni za Uingereza za mwaka 1992 kuhusu mahali pa kazi zinaruhusu wanaume na wanawake kutumia vyoo vile vile, mradi kila choo kiwe ndani ya chumba chake na mlango wa chumba hicho uweze kufungwa kwa ndani, na mwongozo wa kanuni hizo unakadiria choo kimoja na sinki moja kwa wafanyakazi 1 hadi 5, kisha vyoo viwili na masinki mawili kwa wafanyakazi 6 hadi 25. Kanuni za usalama kazini za Marekani zinatoa ruhusa kama hiyo kwa sharti kama hilo: chumba cha mtu mmoja, kinachofungika kwa ndani. Hata Uingereza ilipozidisha ukali, kwa kudai vyoo vilivyotengwa katika majengo mapya yasiyo ya makazi yanayojengwa England kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024, chumba kamili chenye sinki lake na mlango wake kilibaki kuwa jambo linalokubalika pale ambapo nafasi haitoshi. Kwa hiyo wanasheria wa mabara mawili, baada ya kutafakari maumbile ya binadamu, maadili na afya ya jamii, walifikia hitimisho kwamba staha yote hiyo inaweza kukabidhiwa komeo, yaani kile kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kidole ambacho duka lolote la vifaa vya ujenzi huuza kwa bei ndogo kuliko chakula cha mchana cha mtu mmoja.

Hapo ndipo mikasa inapoanzia, kwa kuwa komeo ni kifaa ambacho kila ofisi inacho na ambacho ni nadra kifanye kazi. Ipo ofisi ambayo kitasa chake ni kizima lakini ufunguo ulipotea wakati wa mpangaji aliyepita. Ipo ambayo mlango wake ulivimba kwa unyevu wa masika, ukashuka kidogo katika bawaba zake, na tangu hapo komeo hugonga chuma cha fremu kwa chini kidogo ya tundu lililochongwa kwa ajili yake, hivyo kwamba anayetaka kujifungia hana budi kuunyanyua mlango mzima kwa bega. Ipo pia iliyowekewa msumari uliopindwa na kipande cha kamba, mfumo unaohitaji mafunzo ambayo mgeni hapewi. Mahali ambapo hata kamba haipo, watumiaji hutumia mbinu ya mwili, ambayo maana yake ni kuunyoosha mguu mmoja mpaka uguse mlango na kuushikilia hivyo kwa muda wote unaohitajika. Mbinu hiyo inawafaa watu warefu na inawabagua wafupi, ubaguzi ambao hautajwi katika sera yoyote ya ajira.

Komeo linaposhindwa, utamaduni huingia kazini. Desturi ya Waswahili inamtaka anayeufikia mlango wa mtu apige hodi, hata mara tatu, na asipoitikiwa aondoke zake. Utaratibu huo unatosha kwa milango yote ya dunia isipokuwa mlango wa choo, kwa sababu jibu la hodi ni karibu, na hakuna aliyemo mle ndani ambaye angependa neno hilo lichukuliwe kwa uzito wake. Tatizo linaongezeka kwa kuwa adabu za Kiislamu, ambazo zimejenga tabia za watu wengi wa pwani, zinamwelekeza mtu aingie chooni kwa mguu wa kushoto, atoke kwa mguu wa kulia, na akiwa humo ajizuie kusema bila ya dharura. Kukohoa kukazaliwa hapo, na kukawa komeo la sauti. Aliye nje hugonga kwa kucha. Aliye ndani hukohoa. Na mkataba wa faragha huwa umekwisha kutiwa sahihi na pande zote mbili.

Kikohozi hicho kina daraja zake, na mfanyakazi mzoefu huzitambua bila kufundishwa. Kuna kikohozi kifupi cha taarifa, kinachosema tu kwamba nafasi imechukuliwa. Kuna kikohozi cha onyo, ambacho hurefuka na kupanda kadiri kitasa kinavyozidi kuzungushwa na mtu asiyejua desturi. Kuna kikohozi cha kujikinga, ambacho hutolewa na mtu ambaye hajagongewa na mtu yeyote ila amesikia hatua za viatu kwenye korido. Wale wenye aibu zaidi hufungua bomba la sinki mwanzo hadi mwisho, ili sauti ya maji ifunike sauti nyingine zote, na matokeo yake huonekana katika ankara ya maji ya mwisho wa mwezi, ambayo mhasibu huipitia kwa mashaka bila kukumbuka kwamba naye amechangia.

Mkutano wa mlangoni ni mtihani mwingine. Anayetoka na anayengoja kuingia hukutana uso kwa uso katika nafasi ya hatua moja, na kama mmoja ni kijana wa mafunzo kwa vitendo na mwingine ni mama wa utawala aliyekaribia kustaafu, kijana hujikuta kati ya wajibu wa kuamkia na ubaya wa mahali pa kuamkiana. Asipoamkia, ataonekana hana malezi. Akiamkia, shikamoo yake itakuwa tangazo la mahali mama huyo anakokwenda. Wengi huchagua njia ya kati, ambayo ni kuinamisha kichwa na kutoa mguno wenye heshima. Kuhusu mkono, anayetoka huwa na mikono yenye maji, kwa kuwa taulo la ofisi lilichukuliwa kufuliwa na halijarudi, naye humpa mwenzake kifundo cha mkono badala ya kiganja. Anayesalimiwa hukishika kifundo hicho na kukitikisa, akiwa na matumaini kwamba maji yale yametoka kwenye sinki.

Yote yaliyokwisha kuelezwa yangewapata hata wafanyakazi wa jinsia moja. Mambo ambayo kweli yanatokana na kuchanganyika kwa jinsia ni machache, lakini yana uzito. La kwanza ni kiti cha choo cha kukaa, ambacho wanaume hukiinua, au hukosea kwa kutokiinua, na ambacho wanawake hukikuta kikiwa katika mojawapo ya hali hizo mbili mbaya. Baadhi ya watumiaji, kwa kutoamini usafi wa waliotangulia, hukipanda kiti hicho na kuchuchumaa juu yake, wakiacha alama za soli ambazo mpelelezi yeyote angezifurahia. La pili ni pipa dogo lenye kifuniko kwa ajili ya taulo za kike, ambalo mahali lisipokuwepo mwanamke hulazimika kuficha ndani ya mkoba kitu ambacho mwajiri alipaswa kukifikiria, na hilo halichekeshi hata kidogo. La tatu ni foleni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walionyesha mwaka 2017 kwa hesabu za foleni kwamba vyoo vikiunganishwa, muda wa wanawake kungoja hupungua sana, kwa kuwa hakuna tena choo kinachokaa kitupu upande mmoja huku watu wakijipanga upande wa pili. Hesabu hizo ni sahihi, ila hazikuwazia ofisi ambayo ufunguo wa choo umefungwa kwenye ubao mrefu kama mwiko wa kusongea ugali na kutundikwa mapokezi, ambako kila anayeuchukua hupita nao mbele ya wateja kumi waliokaa wakisubiri huduma.

Uongozi hujibu malalamiko kwa njia ya maandishi. Tangazo la kwanza, lililochapwa na kubandikwa kwa gundi ya karatasi, huomba kwa upole kila mtumiaji avute maji. La pili hutumia herufi kubwa. La tatu hukumbusha kwamba usafi ni sehemu ya utu na kwamba mama zenu hawafanyi kazi hapa, kauli ambayo si kweli kila mara, kwa kuwa mhudumu wa usafi ana mwanawe idara ya mauzo. La nne hutaja hatua za kinidhamu, ingawa haijaelezwa ushahidi utakusanywaje. Matangazo yote manne hubaki ukutani kwa pamoja, na kwa kuwa ndiyo maandishi pekee yaliyomo chumbani, husomwa kwa umakini ambao waraka wa mkakati wa miaka mitano haujawahi kuupata.

Ofisi ikifikia hatua ya kukubali kwamba kuna tatizo, kwa kawaida huandaa semina ya jinsia na staha mahali pa kazi, yenye mwezeshaji, chai ya saa nne, posho ya nauli na mabango ya karatasi yanayoandikwa kwa kalamu za rangi. Katika kazi ya vikundi, kila kikundi hutoa mapendekezo kuhusu heshima, mawasiliano na mabadiliko ya mtazamo, mambo ambayo ni mema na hayana ubishi. Kisha dereva, ambaye hakuchangia tangu asubuhi, husimama na kuuliza lini komeo litatengenezwa. Ukumbi hunyamaza, kwa kuwa ndiye pekee aliyeligusa jambo lile lile ambalo kanuni za mwaka 1992 zililigusa, na mwenyekiti huagiza liandikwe katika kumbukumbu kwa utekelezaji wa haraka. Fundi seremala hupigiwa simu siku hiyo hiyo, hupokea nusu ya malipo yake kabla ya kazi kuanza na huahidi kwa moyo mkunjufu kwamba atakuja kesho. Na hadi atakapokuja, wafanyakazi hushauriwa waendelee kukohoa.