Kopo la Misuli

Kopo lenyewe lilikuwa na ukubwa wa ndoo ya rangi, na ubavuni lilichorwa mwanaume ambaye shingo yake imemezwa na mabega. Nililinunua Kariakoo kwa pesa ambayo nyumbani nilisema imeishia kwa fundi pikipiki. Muuzaji alinihakikishia: "Braza, wiki sita tu, shati halitafunga." Hakudanganya. Ila kifungo kilichogoma ni cha tumboni.

Nilipopigia tizi ni banda la mabati huko Mwananyamala. Chuma kikubwa pale ni ekseli ya Fuso iliyotiwa makopo ya zege kila upande, na hakuna anayejua uzito wake.

Poda ya protini iliyokuwamo koponi, ukiiondolea majina makubwa, ni maji yanayobaki maziwa yakishatengenezwa jibini, yakakaushwa. Sasa, watu wazima wengi huku kwetu matumbo yameshasahau kusaga sukari ya maziwa. Mimi nililikumbuka hilo nikiwa ndani ya daladala ya Posta, nimesimama, mkono juu kwenye bomba, nusu saa baada ya glasi ya kwanza. Tumbo lilianza kunguruma. Nikakohoa kulifunika. Likanguruma tena, safari hii hata kikohozi hakikusaidia. Bibi mmoja aliyeketi mbele yangu alivuta khanga hadi puani, akasema bila kunitazama, "Konda, mshushe huyu kijana, anaumwa." Nilishuka Magomeni, kituo ambako sikuwa na shughuli yoyote, isipokuwa moja.

Sikukoma. Nikaongeza krietini, na wiki ya kwanza mzani ukapanda kilo 2. Nikavaa fulana ya mkono mfupi kwenye kipaimara cha mtoto wa shemeji yangu muuguzi. Alinibonyeza mkono kama anayechagua embe.

"Shemeji, haya ni maji."

Akanieleza kuwa krietini huvuta maji kwenye misuli, na kwamba hiyo angalau imechunguzwa sana na humsaidia mwenye kubeba vyuma kwelikweli. Aliniangalia vizuri aliposema "kwelikweli". Kinachomtisha yeye ni kisichoandikwa kwenye kopo: kuna poda zilizowahi kukutwa na steroidi za kificho. Nikajitetea kwamba yangu imetoka Marekani. Akacheka. Huko kwenyewe, tangu sheria ya 1994, virutubisho hivi huingia dukani bila serikali kuvipitisha kwanza. Halafu akapiga hesabu: kijiko kimoja kina gramu 24 za protini, yai lina kama 6. Nilikuwa nakunywa mayai manne kwa bei ya kuku.

Poda nikaimwaga usiku, kopo nikalificha uvunguni. Baada ya siku mbili nikalikuta jikoni limejaa unga wa dona. Sikuuliza, wala sikuulizwa.

Mwezi uliopita mama mkwe alikuja kututembelea. Akaenda kuchota unga, akasimama kulitazama lile pande la mtu.

"Na huyu ndiye nani?"

"Huyo, mama?" mke wangu akajibu huku akikoroga maji ya ugali. "Huyo ndiye fundi pikipiki."