Sifuri Zilizoliwa

Nyakatoke ni kijiji kidogo cha Wahaya mkoani Kagera, chenye migomba, kahawa na majirani wanaojuana mpaka deni la mwisho. Mwaka 2000 kilikuwa na kaya 119. Mwaka huo mtafiti Joachim De Weerdt aliwahoji watu wazima wa kaya zote akiwa na swali ambalo hata balozi wa nyumba kumi angeliogopa: ukiwa na shida unamtegemea nani, na nani anakutegemea wewe? Majibu yakaandikwa, yakaingizwa kwenye kompyuta, yakawa faili. Tangu hapo faili hilo limetembea duniani kuliko nshomile (msomi wa Kihaya) yeyote mwenye digrii tatu, na Bukoba hiyo si sifa ndogo.

Wanauchumi wa Ulaya na Marekani, ambao ukiwaonyesha mkungu hawatajua kama ni wa kupika au wa pombe ya rubisi, Nyakatoke wanaijua kwa moyo. Wanajua kwamba kaya 119 ukizipanga mbilimbili unapata jozi 7,021, kwamba jozi 490 kati ya hizo zilikuwa na uhusiano wa kusaidiana, na kwamba kwa wastani kaya moja ilikuwa na kaya kama nane za kukimbilia. Mwanafunzi aliyezungukwa na theluji anaweza kukuchorea kaya ipi Nyakatoke ina marafiki wengi. Anachoona ni namba za kaya, na ni heri, maana kinachofuata ni umbeya.

Ndani ya faili hilo kuna kaya inayosema fulani ni mtu wake wa kufa na kuzikana. Ukifungua majibu ya huyo fulani, humkuti mwenzake. Upande mmoja 1, upande wa pili 0. Kwenye zawadi na mikopo ni yaleyale: huyu anakumbuka alitoa, yule hakumbuki kupokea. Mwaka 2017 Margherita Comola na Marcel Fafchamps walichapisha makala nzima ya kitaalamu juu ya hesabu hizo zisizolingana, wakaonyesha kwamba ukiyachukua majibu kama yalivyo, utakadiria chini sana kiasi ambacho wanakijiji hupeana. Kumbe ile 0 haikuwa na maana ya “sikupewa”. Nyingine ilikuwa “nimesahau”, nyingine, bila shaka, “si kazi yako kujua”. Mama yeyote wa Kashai, Bukoba, aliyewahi kuazimisha sufuria angewaeleza bila kanuni ya hisabati.

Na kabla ya Nyakatoke, mkoa mzima ulikuwa umeshaingia kwenye mafaili. Kati ya 1991 na 1994 Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walihoji kaya zaidi ya 900 katika jumuiya 51 za Kagera, kila kaya hadi mara nne, wakitaka kujua kifo cha mtu mzima, katika miaka ile ya UKIMWI, kiliiachaje familia. Hapo hapana mzaha. Mzaha ulikuja 2004, watafiti waliporudi kuwatafuta watu wote 6,353 walioandikwa mwanzo. Shikamoo mama, yule kijana wenu wa darasa la tatu yuko wapi? Yuko Mwanza. Na dada yake? Ameolewa Uganda. Kaya 900 na ushei zikazaa zaidi ya 2,700, maana watoto walikuwa wamekua, wameoa na kujenga kwao. Wakarudi tena 2010, zikawa zaidi ya 3,300. Katika ile safari ya 2004 walipata angalau mtu mmoja katika asilimia 93 ya kaya za mwanzo. Wakopeshaji wa mitaani, wenye sababu kubwa zaidi ya kumtafuta mtu, hawafikii kiwango hicho.

Humo ndimo ilimotoka hesabu inayonukuliwa sana: waliohama kijijini, matumizi yao yalikua kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya ndugu zao waliobaki. Wazee wa Muleba wenye watoto Dar es Salaam wanaruhusiwa kuikumbuka wanapopiga simu mwisho wa mwezi.

Mafaili ya utafiti huo yako wazi. Unajiandikisha kwenye maktaba ya takwimu ya Benki ya Dunia, unaeleza unataka kuyafanyia nini, unapakua. Pamoja nayo kuna madodoso na miongozo, na asiyefungua miongozo atakiona. Wilaya za Kagera za 1991 zilikuwa sita: Bukoba Mjini, Bukoba Vijijini, Muleba, Karagwe, Ngara na Biharamulo. Baadaye Missenyi ikakatwa kutoka Bukoba Vijijini, Kyerwa kutoka Karagwe, na Chato kutoka Biharamulo. Mwaka 2012 Chato ikapelekwa mkoa mpya wa Geita. Ukilinganisha faili la zamani na ramani ya leo bila kusoma mwongozo, utakuta bibi aliyehamia Geita bila kufunga hata mkeka mmoja. Ukiwa na haraka utamhesabu kati ya waliohama, na kumwongezea zile pointi 36.

Hayo ni mafaili ya wakubwa. Kwa watu wa kawaida, mikasa huanza na kitufe.

Tumchukue karani wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, popote kati ya Kamachumu na Nshamba. Mfumo wa chama una kitufe kilichoandikwa “Pakua”. Anakibofya, mtandao unafikia asilimia 98, unakata. Anabofya tena. Bando linapungua, faili linaingia, jina lake “export(7).csv”. Jina lina 7 kwa sababu yale saba yaliyotangulia hajui yalijificha wapi kwenye simu. Analituma kwa WhatsApp kwenda steshenari, anapanda bodaboda kulifuata.

Faili la CSV ni kitu cha kawaida kabisa: maandishi matupu, kila mstari mkulima mmoja, kila habari imetengwa na mwenzake kwa mkato. Halina rangi wala ujanja. Ujanja unaingia pale Excel inapolifungua, kwa kuwa Excel haisomi tu, inafikiri. Inaona namba ya simu inayoanza na 07, inajiuliza ni nani mwenye akili timamu anayeandika sifuri mbele ya namba, inaifuta. Kama mfumo ulitanguliza 255, namba inakuwa ndefu mno kwa kisanduku, na mkulima aliyekuwa na simu ya mkononi sasa ana kitu kama 2.56E+11, kinachofanana na umbali wa kwenda kwenye nyota.

“Mwanangu,” karani anamwambia kijana wa steshenari, “sifuri zangu zimekwenda wapi?”

“Shikamoo mzee. Zile za mbele? Excel inazila.”

“Zote?”

“Zote, mzee. Ungeliingiza kupitia menyu ya data, ile safu ya simu ukaiambia ni maandishi, zisingeliwa. Zingerudi hata sasa hivi ukilifungua upya.” Kijana anainama kwenye kioo. “Ila naona umeshasevu.”

Sifuri ni mwanzo tu. Malipo ya tarehe 4 Julai yanasomwa kama Aprili 7, kwa kuwa kompyuta ilipangwa kwa desturi ya Kimarekani ya kutanguliza mwezi. Ya tarehe 13 Julai yanabaki kama yalivyoandikwa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, kwa hiyo baadhi ya malipo yanaonekana ya msimu na mengine ya nje ya msimu. Kisha kuna anwani. Mtu ameandika “Izigo, Muleba” kama alivyofundishwa shuleni, na aliyetengeneza mfumo hakukumbuka kuzungushia alama za nukuu. Ule mkato unahesabiwa kuwa mpaka wa safu. Kila kitu kinasogea hatua moja kulia. Mkulima sasa ni wa jinsia ya “Muleba”, ameleta kilo “Ke”, na kilo zake zote 340 zimekuwa bei.

Karani asijione mjinga. Oktoba 2020, Uingereza ilitangaza kwamba watu 15,841 waliokutwa na Uviko-19 hawakuingia kwenye hesabu kwa wakati, kwa kuwa majibu yao yalipitishwa kwenye faili la Excel la muundo wa zamani, ambalo ukifika mstari wa 65,536 linasema basi. Waliozidi walibaki nje, kimya kimya, bila hata onyo. Mwaka huohuo kamati ya kimataifa inayotoa majina ya jeni za binadamu ilitangaza kwamba imebadilisha baadhi yake, kama MARCH1 na SEPT1, kwa sababu Excel ilikuwa ikiyageuza kuwa tarehe za Machi na Septemba. Wanasayansi waliona ni rahisi kuzipa jeni za mwanadamu majina mapya kuliko kuishinda programu ya ofisini. Kama wao walinyoosha mikono, chama cha msingi kitafanya nini?

Ila zipo sifuri za aina ya pili, zile ambazo hakuna aliyezila, kinyume chake zimepandwa. Hizi ni hatari zaidi.

Wizara ya Maji, pamoja na jukwaa lililoitwa Taarifa, zilitoa takwimu za vituo vya maji vya Tanzania, zikawekwa kama faili la kupakua kwenye mashindano ya tovuti ya DrivenData. Mshindani anatakiwa kubashiri pampu ipi inatoa maji, ipi inahitaji fundi, ipi imekufa. Faili la mafunzo lina mistari 59,400, na 3,316 kati yake ni ya Kagera. Vijana kutoka kila bara, ambao hawajawahi kubeba ndoo, wamejifunzia kazi humo. Pampu 22,824 zimeandikwa hazifanyi kazi, jambo ambalo mama wa Kanda ya Ziwa angewaambia kwa kuonyesha kichwa kilichokwanguliwa na ndoo.

Wafadhili wamo. HESAWA, mradi wa maji na usafi wa Kanda ya Ziwa uliolipiwa na Sweden, ambao jina lake wazee wengi wa Muleba bado wanalitamka wakielekeza njia, umetajwa zaidi ya mara 2,000. Kwenye safu ya waliojenga, serikali yetu moja imeandikwa “Gover”, “Governme”, “Centra Government” na hata “Cebtral Government”. Msomaji wa mbali anaweza kudhani nchi ina serikali kadhaa zinazoshindana kuchimba visima. Ingekuwa hivyo kweli, maji yangetosha.

Lakini nenda kwenye safu ya mwaka wa ujenzi. Vituo 20,709 vimeandikwa mwaka 0. Kule Katuruka, karibu na Maruku, mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimbua mabaki ya wafua chuma wa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Anayeliamini faili hili atasema wafua chuma wale walikuwa wakipumzika jioni kwenye pampu ya mkono. Vituo zaidi ya 20,000 vina mwinuko wa 0 kutoka usawa wa bahari, wakati Ziwa Victoria lenyewe, ambalo watu wa Bukoba huliangalia kwa chini wakiwa vilimani, liko kama mita 1,134 juu ya bahari. Na vituo 1,812, vya Mwanza na Shinyanga, vina longitudo 0 na latitudo iliyo karibu kabisa na 0. Ukiviweka kwenye ramani vinaangukia Ghuba ya Guinea, magharibi mwa Afrika, baharini, mahali palipowahi kuwekwa boya la kupimia hali ya hewa na hakuna ndoo hata moja.

Tuseme aliyejaza fomu alijua alichokuwa anafanya. Alifika, hakukuta mzee wa kumwambia pampu ilijengwa lini, kisanduku kikakataa kuachwa wazi, akaweka 0 aende zake kabla mvua haijaharibu njia. Kwake 0 hiyo ilikuwa na maana ya “sijui”. Ofisini kwake kila mtu alielewa. Faili likapakiwa kwenye tovuti bila yeye, na huko lilikofika hapakuwa na wa kumuuliza. Tofauti na hapo, katika dodoso la Kagera la 2010 majibu yalijazwa papo hapo kwenye kompyuta ndogo, kwa programu ya surveybe ya kampuni ya EDI iliyokuwa na makao Bukoba. Faida ya dodoso la namna hiyo ni kwamba likipangwa vizuri linagoma palepale mbele ya mhojiwa, kabla jibu la ajabu halijapanda basi kwenda Dar es Salaam.

Wenye kitufe cha “Pakua”, iwe wizarani au kwenye chama cha kahawa, wanaombwa kidogo tu. Jina la faili libebe tarehe. Maelezo ya kila safu yakae ndani ya folda ileile, si kwenye kichwa cha mtu aliye likizo. Namba za simu zitolewe kama maandishi, na zikihusu watu binafsi zisitolewe kabisa. Kisanduku kisichojulikana kiachwe kitupu, hakuna atakayewacheka.

Na wewe msomaji unayepakua, ukikutana na kisima cha mwaka 0, usikichoree grafu. Mpigie simu mtu wa Muleba, umuulize. Ikisema namba haipo, weka sifuri mbele.